Mcheza Kwao

Kile kidole ni cha nyanya yangu.
Cha shahada, mkono wa kulia, kimepinda kuelekea gumba
tangu mlango wa lori ukibane pale Wakulima
mwaka wa themanini na nne.
Nilimpa Seruya, mlinzi wa daraja,
kwa sababu ndani ya mchezo wenyewe mikono yake ni glavu tu,
vidole vinne vimegandishwa pamoja,
na mtu aliyelinda daraja miaka mia tatu
hawezi kuwa na mikono isiyopatwa na lolote.

Sasa kidole hicho kina urefu wa mlango.
Kimesimama juu ya Barabara ya Jogoo
kikiwaonyesha watu wa Hamza mahali pa kupakua.

Picha niliichora siku kumi na moja, usiku usiku,
stima ilipokatika mara ya tatu nikamalizia anga
kwa asilimia tisa ya betri.
Hakuna aliyenituma. Hili nalisema kabla hawajalisema wao.
Niliupenda mchezo ule kama unavyoipenda nyumba ya jirani yenye taa:
ufunguo huna, lakini kila dirisha unalijua.
Jina ni lao. Mkuki ni wao. Daraja ni lao, na mto.
Nguo ya kuazima haisitiri, nakubali;
lakini je, aliyekuazima akija kuichukua nguo yake
aondoke na mwili pia?

Niliwaandikia. Akajibu Bi. Tamima wa ghorofa ya tisa, Westlands,
kwa hongera tatu na moyo mwekundu.
Alisema wananithamini. Alisema mimi ni familia.
Alisema macho milioni mbili yataiona kazi yangu,
akanitumia fulana, saizi ya mtoto.
Kuhusu malipo, soma kifungu cha kumi na nne:
ulipobonyeza nakubali, ulikubali.

Nilibonyeza nikiwa na miaka kumi na sita.
Nilibonyeza kama unavyomjibu mtu "poa" kwenye ngazi.

Mcheza kwao hutunzwa.
Nami nimecheza: saa elfu moja mia mbili na kumi,
mchezo wenyewe umenihesabia.
Labda tatizo ni hilo "kwao".
Labda niliingia kwa watu, nikavua viatu,
nikaanza kuosha vyombo bila kuombwa,
na sasa wanashangaa mbona nimesimama mlangoni.

Jumapili nilimpeleka baba akaione.
Musembi, aliyechora nusu ya vinyozi wa Kayole,
vichwa maridadi visivyo na shingo,
kuku mwenye tabasamu akielekea kwenye sufuria.
Wateja walimpunja, ndiyo. Walimlipa nusu, walimlipa kwa chapati,
mmoja alimlipa kwa jogoo aliyekufa kabla ya Jumatatu.
Lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia macho ni pesa.

Alisimama ng'ambo ya barabara, kiganja juu ya nyusi.
Hakusema ni nzuri. Alikiona kidole;
nilijua amekiona kwa jinsi alivyokohoa.
"Mama," akasema, na hakuwa ananiita mimi.
Kisha akaanza kutafuta chini, pembe ya kulia,
pale alipotia jina lake maisha yake yote,
akatafuta kushoto, akatafuta karibu na nguzo,
akauliza kama fundi anavyomuuliza fundi:
"Namba yako ya simu uliiandika wapi?"

Nikamwambia walipakata hapo, nembo yao ipate nafasi.

Alichomoa penseli ya seremala nyuma ya sikio,
akaitazama, akalitazama bango,
futi thelathini za chuma,
akairudisha.

Tulinunua mahindi ya kuchoma. Alilipa yeye,
akaihesabu chenji mara mbili mbele ya muuzaji,
polepole, ili nione.